Mama Mkwe wa Magurudumu Mawili

Mke wangu Kalondu alikuwa mwanamke wa muthokoi, mahindi ya kukoboa. Anayetaka kumjua aanze hapo. Mahindi aliyatwanga mwenyewe kwenye kinu, akayapepeta mpaka maganda yote yakaondoka, akayaanika, kisha akayapeleka soko la Machakos. Wenzake walipeleka mashineni. Yeye alisema muthokoi ya mashine haina meno. Wateja wake walimngoja hata akichelewa.

Tulikaa juu, Iveti, ambako barabara ya maram, isiyo na lami, inapanda kona baada ya kona. Zamani alishuka kwa miguu, gunia mgongoni, kamba ya kubebea imepita kichwani. Baadaye tukapata punda. Punda akazeeka, akafa. Kalondu alimlilia punda yule kuliko alivyomlilia shangazi yangu, na akaniambia hivyo mbele ya watu.

Ndivyo alivyokuwa. Sasa amelala chini ya shamba, pale udongo ulipo mwepesi. Nyumba imenyamaza. Naeleza habari yake ya pikipiki kwa sababu nikiikumbuka nacheka, na nikicheka napata nguvu ya kuwasha moto.

Chini kwetu, maram inapokutana na lami, kuna steji. Tuk-tuk ndizo zilizotangulia. Laban, aliyemwoa kifungua mimba wetu Munyiva, alikuwa kati ya watu wa kwanza kuleta moja. Ilikuwa ya samawati. Ndani aliitundikia pazia la maua. Aliiosha kila asubuhi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Halafu pikipiki zikaja, mwaka wa elfu mbili na nane, nyingi mpaka ukashangaa vijana hao wote walikuwa wapi. Steji ikagawanyika. Tuk-tuk upande huu, pikipiki upande ule. Katikati zikawa zinapita kelele.

Kijana mmoja wa pikipiki aliitwa Ngui. Mwembamba, mrefu, mdomo mwepesi. Yeye na Laban ndio walioongoza kutukanana.

"Habari ya asubuhi, choo cha magurudumu!" Ngui angeita.

"Nzuri sana, maiti ya kesho," Laban angejibu. "Umeaga nyumbani?"

Hata abiria hawakuachwa. Mzee akiingia tuk-tuk, vijana wa pikipiki walimuuliza kama amelipia na mto wa kulalia. Mama akipanda pikipiki, wa tuk-tuk walimuuliza watoto amewaachia nani. Mtu alikuwa anatafuta tu njia ya kufika sokoni, na anafika ametukanwa na pande zote mbili.

Mimi nilipanda tuk-tuk. Napenda kuketi. Mtu mzima aketi, aegemee, afike.

Kalondu alipanda pikipiki mara ya kwanza kwa sababu ya matope. Siku hiyo tuk-tuk zote zilikataa kupanda kilima. Ngui akamwambia atamfikisha. Aliporudi nyumbani kitambaa cha kichwa kilikuwa kimepotea, na alikuwa anacheka peke yake.

"Baba Munyiva, hii kilima yetu niko nayo miaka yote na sijawahi kuiona! Leo nimeiona yote."

"Utavunjika."

"Nikivunjika utanibeba na tuk-tuk yako."

Kuanzia hapo siku ya soko tulishuka pamoja mpaka steji, halafu kila mtu akapanda chake. Watu waliniuliza kama tumekosana. Mara moja nilijaribu kumkataza.

"Mimi nimewahi kukukataza tuk-tuk?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi."

Hiyo ikaisha. Lakini hakupanda pikipiki yoyote tu. Alipanda ya Ngui. Alisema wengine wanaongea na simu kwenye kona, wengine wanakimbia ukiwaambia pole. Ngui akiambiwa pole anaenda pole, akiambiwa ongeza anaongeza. Na alipiga breki, kwa maneno yake Kalondu, kama mtu anayelaza mtoto.

Sasa shida. Katika kumleta Kalondu nyumbani siku baada ya siku, Ngui alimwona Mueni, kitinda mimba wetu, fundi wa nguo. Mueni naye akamwona. Baada ya muda nikaona suruali za Ngui zote zina viraka vilivyoshonwa vizuri sana. Nikajua.

Baba yake Ngui alikuwa ameshafariki. Akaja mjomba wake, Wambua, mtu mnene, mwenye heshima, anayeongea kama anasoma tangazo. Tukazungumza. Tukakubaliana walete mbuzi wa ntheo.

Kwetu Ukambani mbuzi hao ni watatu. Bila wao, hata mkae pamoja mpaka mpoteze meno, msichana ni wa kwa baba yake. Wakiingia bomani, amekuwa mke wa watu. Na wakiingia, nthoni nayo imeingia. Nthoni ni heshima ya ukwe. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hawatazamani usoni. Hawaketi benchi moja. Wakikutana njiani, mmoja atatafuta kichaka.

Sasa fikiria pikipiki.

Laban alikuwa ameleta mbuzi wake zamani. Ndiyo sababu Kalondu hakuwahi kugusa lile pazia la maua. Alikuwa na mkwe mwenye tuk-tuk, na kwa mkwe huyo alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu.

Siku ya mbuzi ikapangwa. Kalondu akasema mvua inakuja, watu wapande kwanza. Sawa, wakapanda. Ikapangwa tena. Akasema jirani amefiwa, si vizuri kusherehekea. Kweli. Ikapangwa tena. Akasema akina mama wa kanisa wana semina. Mara iliyofuata akasema kinu kimepasuka.

"Kinu na mbuzi wanahusianaje?" nikamuuliza.

"Wageni watakula nini?"

Nikakikagua kinu. Kilikuwa na ufa mdogo ambao tulihamia nao.

Wambua akarudi. Safari hii hakuketi.

"Mzee," akasema, "hizo mbuzi zimenenepa mpaka zinakoroma. Nimeambia watu wangu Jumamosi. Mkiahirisha tena, mimi nitaelewa mmetukataa kwa adabu. Nitazipeleka boma lingine. Iveti hakuna msichana mmoja."

Mueni alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka, na hakuna aliyeiokota.

Kesho yake Laban akaja kuniona. Akakataa chai, jambo ambalo Laban halifanyi.

"Mzee, mimi si mtu wa uchongezi."

"Basi nyamaza."

"Lakini nitasema. Huyo Ngui anabeba mama. Mpaka leo."

"Mbuzi hawajaingia," nikasema.

"Ameposa! Dunia yote inajua ameposa! Anamwita mkwe na anambeba mgongoni kama mzigo."

"Anambebaje?"

Laban akaanza kucheka kabla hajajibu. "Mzee, njoo tu uone. Hii siwezi kukuambia kwa mdomo."

Siku ya soko nikamwacha Kalondu atangulie. Nikashuka nyuma yake, nikasimama kando ya duka la mbolea.

Ngui alikuwa amekaa mbele kabisa, juu ya tangi, magoti yakikaribia masikio. Nyuma yake gunia la muthokoi limefungwa wima kama abiria. Nyuma ya gunia, Kalondu. Vioo vya pembeni vilikuwa vimegeuzwa: kimoja kinatazama mbinguni, kingine mtaroni. Na walikuwa wanaongea. Walikuwa wanaongea na gunia.

"Gunia, mwambie mama ashike vizuri," Ngui alisema, akitazama mbele.

"Gunia, mwambie dereva aache kuniongelesha, awashe," Kalondu akasema.

Wakaenda.

"Na wakirudi?" nikamuuliza Laban. "Muthokoi ikiwa imeuzwa?"

"Analijaza nyasi."

Akacheka mpaka akashika mlango wa tuk-tuk. "Ona sasa huo upuzi. Angekuwa na tuk-tuk, mtu anakaa nyuma, dereva anakaa mbele, pazia katikati..."

"Wewe uko na tuk-tuk," nikamwambia, "na pazia. Umewahi kumbeba?"

Akaacha kucheka. Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa taa ambayo ilikuwa safi.

Jioni, Kalondu akichambua mahindi uani, nikaketi karibu naye.

"Mama Munyiva, kinu hakijapasuka."

Aliendelea kuchambua. "Umeniona?"

"Nimeona gunia."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mbuzi zikiingia nani atanibeba? Sema wewe."

"Steji imejaa pikipiki."

"Wale? Yule wa kofia nyekundu anaendesha na mkono mmoja, mwingine anakula miwa. Mimi si gunia la makaa."

"Kuna tuk-tuk."

Akaniangalia. Nikajutia.

"Wewe ukipanda hiyo sanduku yako nimewahi kukucheka?"

"Kila siku."

"Lakini nimekukataza?"

"Hapana. Wala mimi sikukatazi. Ila Mueni analia."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. "Analia lini?"

"Tangu Wambua aseme atapeleka mbuzi kwa wengine. Analia akishona. Juzi ameshona mkono wa shati mahali pa kola."

Nilidhani atabishana. Alipuliza vumbi kwenye ungo.

"Waambie walete Jumamosi," akasema. "Sitasema tena neno. Lakini usije ukaniambia nipande tuk-tuk."

"Sitasema."

Nikatuma neno kwa Wambua. Sasa ikawa mbuzi watafikaje. Kwa Wambua ni ng'ambo ya lami, na kilima chetu si cha kuswaga mbuzi wanono. Ngui akasema atawabeba kwa pikipiki, mmoja mmoja. Alijaribu na beberu mbele ya steji nzima. Beberu alikula kipande cha kiti, akapiga honi kwa kwato, akaruka. Siku hiyo watu wa tuk-tuk walikosa abiria kwa sababu ya kucheka.

Nikamwita Laban. "Utaleta mbuzi."

"Mzee! Mbuzi ndani ya pazia yangu?"

"Toa pazia."

"Mbuzi za huyo? Anayeniita choo?"

"Pikipiki haiwezi kubeba mbuzi tatu kilima hiki. Si wewe ndiye unasemanga hivyo?"

Nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameshaanza kuisikia hadithi atakayoisimulia mpaka azeeke: kwamba Ngui alioa kwa tuk-tuk. Akakubali. Ngui naye alikubali kwa kichwa. Mdomo ulikataa kufunguka.

Jumamosi ikafika. Mpango ulikuwa mwepesi. Wambua na wazee wake watangulie kwangu. Laban apande na mbuzi. Ngui aje nyuma ya tuk-tuk, asindikize mali yake.

Asubuhi Kalondu akaniambia chumvi imeisha, anashuka dukani mara moja.

Kopo la chumvi lilikuwa nyuma ya kinu, limejaa, limefunikwa na ungo. Nililiona. Na yeye aliona kwamba nimeliona. Akafunga kitambaa, akatoka.

Yaliyotokea steji waliniambia wao wenyewe baadaye. Laban alipakia mbuzi, akaondoka. Ngui alikuwa anajaza petroli amfuate. Kalondu akatokea na paketi ya chumvi mkononi.

"Ngui, twende."

Ngui akatazama viatu vyake. "Mama, leo?"

"Mbuzi ziko wapi?"

"Kwa Laban. Zimepanda."

"Zimeingia kwangu?"

"Bado, mama."

"Basi wewe ni boda. Washa."

Ngui angekataa, angekuwa amemkataa mama wa boma asubuhi ya mbuzi. Angekubali, akutwe naye nyumbani mbele ya mjomba wake, ndoa imeisha. Na tena ilimbidi Kalondu awe nyumbani. Kwetu mama mwenye boma ndiye anayesimama mlangoni na maji, wageni na mbuzi wakiingia. Asipokuwepo, Wambua atasema ndiyo hiyo, amekataa tena. Kwa miguu hangefika. Ngui akawasha.

Mimi nilikuwa langoni. Kutoka hapo unaiona barabara yote, kona zote. Wazee walikuwa wameketi nyuma yangu kivulini, na Wambua anaeleza habari za ukoo wao tangu mwanzo.

Nikaona tuk-tuk ya samawati ikipanda, inatoa moshi, kichwa cha mbuzi huku na kichwa cha mbuzi kule. Nikafurahi. Halafu nyuma yake, kona mbili chini, nikaona vumbi. Ndani ya vumbi, pikipiki. Juu ya pikipiki, watu wawili.

Hakukuwa na gunia. Haikuwa siku ya kuuza. Baadaye Ngui aliapa kwamba hakumgusa mama, kwamba katikati yao kulikuwa na paketi ya chumvi.

"Mzee, unaangalia nini huko?" Wambua akaniuliza.

"Mvua."

Akainua kichwa. Jua lilikuwa linachoma. "Mvua iko wapi?"

"Ndiyo naangalia."

Akarudi kwenye ukoo wake.

Maram yetu ni nyembamba. Huku ukingo, huku korongo. Tuk-tuk ikiwa katikati, hata baiskeli haipiti. Nikasikia honi ya pikipiki ikilia, ikilia. Nikajua Laban ametazama kioo, kwa sababu tuk-tuk iliyumba. Aliniambia baadaye: aliona Ngui, aliona kitambaa cha mama kinapepea, akaondoa macho haraka kama aliyechungulia bafu.

Sasa mambo yote yalikuwa mikononi mwa Laban. Akiendelea tu, bila kufanya lolote, atafika wa kwanza na mbuzi. Wazee watasimama. Halafu Ngui atatokea na mama mkwe mgongoni. Laban hatahitaji kusema neno. Choo, kibanda, kitanda, kila jina aliloitwa tangu pikipiki zije, angekuwa amelipiza lote kwa kukaa kimya na kuendesha.

Na nikaona tuk-tuk inaongeza mwendo.

Ngui akapiga honi tena. Nilimwona Kalondu ameinuka kidogo nyuma, anamwambia kitu. Kwa kumjua, alikuwa anamwambia aongeze. Aongeze aende wapi, Mungu ndiye anajua. Nikageuka nitazame jikoni. Mueni alikuwa amesimama mlangoni kwa nguo mpya aliyojishonea. Yeye pia alikuwa ameona. Alikuwa ameshika kidole chake kimoja kama mtu aliyejidunga sindano.

Nikatazama barabara tena. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kwetu, ile ya mawe, tuk-tuk ilisimama. Ikaenda upande. Gurudumu moja likaingia mtaroni, jingine likapanda ukingo, tuk-tuk ikalala kama kuku anayetaga. Laban akatoka. Akamshusha beberu, akamshika kamba. Kisha akageuka, akauelekezea ukingo uso wake, pua karibu na udongo, akatulia hivyo.

Pikipiki ikapita.

Ikazimwa chini ya ua wangu wa mkonge. Nikaona maharagwe ya shambani yanatikisika, yanatikisika kuelekea jikoni, Kalondu akipita humo ameinama. Ngui yeye alikuwa anashuka mbio kwa miguu, kurudi kwa mbuzi wake.

"Wamechelewa," Wambua akasema. "Mimi sipendi mtu wa kuchelewa."

"Kilima," nikasema.

Wakatokea. Laban anamvuta beberu, Ngui ana mmoja kila mkono, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Wazee wakasimama.

"Tuk-tuk iko wapi?" Wambua akauliza.

"Nimeiacha pale konani," Laban akasema. "Beberu alitaka kutembea."

"Na wewe, Ngui? Pikipiki yako?"

Ngui akatazama chini. "Imeharibika, mjomba."

Jamani. Sentensi hiyo Laban alikuwa ameingoja tangu pikipiki ya kwanza ifike Machakos. Ameiota. Na imetoka kwa mdomo wa Ngui mwenyewe, mbele ya mashahidi wenye mvi. Niliona mdomo wa Laban ukifunguka. Niliona ukifunga. Akatazama juu, mahali nilipokuwa natafuta mvua.

"Hutokea," akasema. "Hata tuk-tuk huharibika."

Nimekuwa na Laban miaka mingi. Sijawahi kumwona akimeza kitu kikubwa hivyo.

Kalondu akatokea mlangoni na bakuli la maji. Shuka ameifunga vizuri, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka maombini. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Mama umekuwa ukitwanga," Wambua akasema kwa huruma.

"Tangu asubuhi," Kalondu akasema.

Mbuzi wakaingia. Mueni akawa mke wa watu. Pale pale Ngui akageuka, akampa mama yake mkwe mgongo, kama inavyotakiwa. Na Kalondu akautazama mgongo ule, ambao alikuwa anaujua kuliko sisi wote, akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Beberu alichinjwa. Nyama ikiwa motoni nilizunguka nyuma ya nyumba, nikawakuta wale wawili kwenye ua. Walikuwa wamemaliza kuivuta tuk-tuk kutoka mtaroni. Hawakuniona.

"Umenipisha," Ngui alikuwa anasema.

"Nimekupisha wapi? Mbuzi alishikwa na haja."

"Mbuzi wa kuchinjwa?"

"Hata yeye ana haki."

Ngui akapiga teke gurudumu la tuk-tuk, kidogo tu, kama unavyojaribu ng'ombe wa mtu.

"Lakini bado ni choo," akasema.

"Na yako bado ni jeneza."

"Sawa."

"Sawa. Twende tule, kabla mjomba wako hajamaliza figo."

Kalondu nilimkuta jikoni, amekalia kigoda, anakoroga. Nyumba siku hiyo ilikuwa na chumvi ya kutosha kijiji.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

"Nimefurahi. Mueni amepata mtu." Akaonja. "Mimi nimepoteza dereva."

"Tunaweza kushuka pamoja. Mimi na wewe. Polepole, umeketi..."

"Baba Munyiva."

"Nimenyamaza."

Siku ya soko iliyofuata alishuka na gunia mgongoni, kamba kichwani, kama zamani za kabla ya punda. Mimi nilikuwa nimeshaketi kwenye tuk-tuk ya mtu mwingine. Nilimwonyesha nafasi kwa macho. Akakataa kwa macho. Sikumlazimisha. Nikamwambia dereva angoje kidogo.

Laban na Ngui walikuwa wamesimama pamoja, wanakunywa chai ya mama mmoja mwenye birika. Steji ilikuwa haijawazoea hivyo. Walipomwona Kalondu waligeuka wote wawili kwa mara moja, vikombe mkononi, wakautazama ukuta wa duka la mbolea. Mtu angedhani kuna picha.

Kalondu angeweza kupita. Njia ilikuwa pana. Hakupita. Alikwenda mpaka nyuma yao, akasimama, akaweka gunia chini, akajinyoosha mgongo.

"Hujambo, ukuta?"

Ukuta ukajibu kwa sauti mbili.

"Hatujambo, mama."

"Ukuta, mimi ni mtu mzima. Niko na muthokoi hapa, na sitaki sanduku la kukalia. Kati ya hawa vijana wote wa pikipiki, ni nani anajua kupiga breki?"

Vijana wa pikipiki wakakaa wima. Mmoja akatupa muwa.

Mkono wa Ngui ukanyooka kutoka ukutani, bila uso kugeuka. Na mkono wa Laban, mtu wa tuk-tuk, ukanyooka vilevile. Vidole viwili vikamwonyesha mtu mmoja, kijana mpole aitwaye Aloys, aliyekuwa mwisho wa mstari akifunga kamba ya kiatu.

Aloys akaruka kufunga gunia. Alilifunga nyuma kabisa, kwenye keria, lilipostahili kuwa siku zote. Kalondu akapanda, akaweka mikono mabegani mwa Aloys bila nthoni yoyote. Walipotupita kwenye lami, mimi nimeegemea vizuri kwenye tuk-tuk yangu, nilimsikia akimwambia aongeze.